Mkwe Juu ya Daraja

Kazi ya Maduhu ina ubaya mmoja: ikifanyika vizuri, hakuna kinachotokea. Mkulima huvuna, mwashi huonyesha ukuta, hata mwizi hurudi kwake na kuku. Maduhu hutembea kilometa kumi na moja za reli kutwa nzima, mtaimbo begani, nyundo mkononi, bendera mbili kiunoni, nyekundu na kijani, na jioni ukimuuliza leo umefanya nini atakujibu, "Treni imepita." Basi. Treni imepita. Utadhani isingepita bila yeye.

Ndiyo maana kuoa kulimsumbua. Ana miaka thelathini na minane, mrefu, mpole, na hatua zake zimeshazoea mataruma yanayolala chini ya reli kiasi kwamba hata akitembea barabarani utaona anaruka kitu ambacho hakipo. Mara ya kwanza alichumbia Kishapu. Wakwe walipomuuliza ana ng'ombe wangapi, akaanza kuwaeleza habari za nati. Mara ya pili ilikuwa Tinde. Yule binti akaolewa na mwenye bodaboda wakati Maduhu yuko zamu, na treni ikapita salama.

Mara ya tatu akampata Hosiana, fundi cherehani wa hapa kwetu Ngokolo, jirani yetu ukuta kwa ukuta. Hosiana alimpenda kwa sababu iliyowashangaza wote. "Anasikiliza," alisema. Kweli, Maduhu anasikiliza. Mtu anayegonga nati kwa nyundo toka asubuhi ili ajue kwa mlio ipi imelegea, maneno ya mke yatampita wapi?

Aliyebaki hajaridhika ni mama.

Mama Hosiana, mwenyewe jina lake Mbuke, huuza michembe sokoni, vile viazi vitamu vilivyokatwa vipande na kuanikwa juani hadi vikawa vikavu kama maneno yake. Gunia hulibeba mwenyewe. Wapagazi wa soko humpisha njia. Posa ya Maduhu aliipokea mwezi wa nne. Hakuikataa, hakuikubali, aliiacha ikauke kidogo. Kabla haijakauka akatokea Kalisti, mnunuzi wa dhahabu kutoka Katoro, upande wa Geita, mwenye gari jeupe aina ya Harrier, ambaye kila Jumamosi alipita mtaani kwetu taratibu, kioo chini, akisalimia watu asiowajua. Kalisti naye akatuma neno kwamba moyo wake uko kwa Hosiana.

Wazee wa Maduhu walitakiwa kuja Jumapili kuchukua jibu. Alhamisi jioni Mama Hosiana akaja kwetu, akakaa kwenye kigoda cha shangazi yangu, Bi Zuhra, akatoa pumzi kama mtu anayetua mzigo.

"Zuhra, hivi huyu kijana anafanya kazi gani?"

"Si yuko reli."

"Reli naijua. Reli imelala pale tangu mimi sijazaliwa. Nauliza yeye anaifanya nini."

Bi Zuhra alinigeukia mimi. Nilisomea utalii hadi nusu ya diploma, nusu nyingine nikawaachia wenye subira, lakini shangazi yangu anaamini kwamba kitu chochote kilicho cha zamani au cha mawe mimi nakijua.

"Nenda ukamwone akiwa kazini, mama," nikasema.

"Nikamwone mkwe! Zuhra, huyu mtoto wako ni mzima?"

Nilikuwa nimejisahau. Sisi wa mjini, tuliochanganyika damu ya pwani na ya bara, mkwe tunakaa naye sahani moja na kugombea firigisi. Kwao Mama Hosiana, mwanamume na mama mkwe hawatazamani usoni, hawaitani majina, hawali pamoja, na wakikutana njiani mwanamume huacha njia, hata kama pembeni kuna miiba. Jambo likiwalazimu kusemezana, anatafutwa mtu wa katikati. Na mwiko huu hausubiri harusi. Unaanza siku posa ilipopokelewa.

"Haya, si kumtazama yeye," nikasema. "Kule anakofanyia kazi kuna daraja la mawe. La tangu reli ilipoanza kupita huku. Watu wanatoka mbali kulitazama."

Hapo kwenye kutoka mbali nilitia chumvi. Wanaotoka mbali ni mbuzi.

Mama Hosiana akafikiri. "Daraja," akasema. "Daraja halina mwiko."

"Halina."

"Na kama kuna mtu chini anafanya kazi, mimi nitajuaje?"

"Utajuaje kabisa," akasema Bi Zuhra, akageuka kuficha meno.

Upande wangu nilifanya kosa moja, tena kwa makusudi. Nilimpigia Maduhu nikamwambia shangazi yangu anataka kuliona daraja, amwandalie maelezo. Sikumwambia shangazi anafuatana na nani. Niliona kitakuwa kichekesho.

Ijumaa asubuhi bajaji ikatushusha mwisho wa njia ya vumbi, tukamalizia kwa miguu kati ya mashamba ya pamba. Daraja hilo ukiwa mbali hulioni. Unadhani barabara inaendelea tu. Ukifika ndipo unagundua ardhi imekatwa kama mkate, kina cha watu wanne, na reli imelala huko chini, na juu yake tao moja la mawe ya kijivu limeruka kutoka ukingo huu hadi ule. Njia ya juu ni nyembamba. Imejengwa kwa kipimo cha mkokoteni wa ng'ombe, na michirizi ya magurudumu bado inaonekana katikati, imelainika kama kingo za kinu. Pande zote mbili kuna ukuta mfupi wa mawe, unafika kiunoni.

"Kumbe ni zuri!" akasema Mama Hosiana, kwa sauti ya mtu aliyekuwa amejiandaa kudharau.

Huko chini nikaona kofia ya Maduhu. Alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi. Shati la pasi, kwenye reli! Akasimama nje kidogo ya tao, uso ameuelekeza kwenye mawe, akaanza kutoa maelezo kwa sauti kubwa bila kututazama, kama mtoto anayesoma shairi siku ya wazazi.

"Karibu, Bi Zuhra! Mawe yote unayoyaona yalichongwa hapa hapa, na mafundi waliyapanga bila saruji, kwa chokaa tu! Upande huu yako mia mbili na kumi na saba! Jiwe la tano kutoka chini fundi alichora samaki! Sijui kwa nini samaki!"

"Umeyahesabu?" akauliza Bi Zuhra.

"Kila mwezi! Likipungua moja nijue!"

Mama Hosiana aliyekuwa amejibana nyuma ya shangazi akashindwa kujizuia. "Muulize," akanong'ona, na mnong'ono wa mwanamke wa sokoni unafika Tabora, "muulize samaki huyo anatazama wapi."

Maduhu aliijua sauti hiyo. Mwezi wa nne, wazee wake walipopeleka posa na yeye akisubiri kwetu, aliisikia kupitia ukutani ikiuliza, "Na ng'ombe je?"

Nilichokuwa sijakifikiria ni hiki: kutomtazama mkwe ni jambo moja, lakini kusimama chini ya miguu yake ni jambo jingine. Kwao ni kama kupita chini ya kanga aliyoivaa. Mbele yake kulikuwa na kilometa saba alizotakiwa kukagua, na njia ilipita chini ya daraja, na juu ya daraja amesimama mkwe. Kurudi nyuma hawezi, mkwe atamwona wazi, mgongo na uso. Akafanya kitu ambacho mtu mzima mwenye mshahara hafanyi. Akajificha. Aliruka akaingia ndani ya tao, palepale palipokatazwa, maana ndipo pekee asipoonekana, akajibandika ukutani.

"Yuko wapi?" akauliza Mama Hosiana.

"Nani, mama? Si tumekuja kutazama daraja?"

"Adam, usinichezee. Katokea upande wa pili?"

Akaenda upande wa pili, akachungulia. Hakuna. Akarudi upande wa kwanza, akaegemea ukuta mfupi kwa mikono yote miwili, ile mikono iliyozoea magunia, akajivuta mbele aone vizuri.

Jiwe la juu likatoka.

Lilitoka polepole, kama mzee anayeinuka kwenye kiti, likasita, halafu likaenda. Bi Zuhra alimdaka Mama Hosiana kwa fundo la kanga. Chini tukasikia kishindo, kisha vumbi, kisha sauti ya Maduhu, tulivu kabisa:

"Mia mbili na kumi na sita."

Nilichungulia. Jiwe, zaidi ya kilo sitini, lilikuwa limejikita kati ya reli na kokoto, limelala juu ya chuma kama ng'ombe aliyekataa kuinuka. Maduhu alitoka ndani ya tao. Alisahau shati, alisahau mwiko, alitoka tu. Akalitazama jiwe, akatazama saa.

"Adam! Ya mizigo imeshatoka stesheni. Dakika ishirini. Teremka!"

Nikateremka kwa makalio, Bi Zuhra nyuma yangu kwa miguu, na nyonga yake mbovu. Nilipofika nikakamata jiwe nianze kusukuma.

"Acha," akasema Maduhu. "Kwanza bendera, ndipo jiwe. Siku zote." Akachomoa bendera nyekundu. "Nani anakimbia?"

"Mimi sikimbii," akasema Bi Zuhra, "lakini nikisimama, nasimama."

"Nenda hadi kwenye kona ile, simama pembeni ya reli, si katikati. Ukimwona dereva, punga hivi, usiache hadi asimame. Hata akikutukana."

"Akinitukana?" Shangazi yangu alinyakua bendera. "Na ajaribu." Akaenda, baibui likipepea, kama askari aliyepandishwa cheo ghafla.

Maduhu akaingiza mtaimbo chini ya jiwe, akaning'inia. Nikasukuma. Jiwe likatutazama tu. Tukajaribu tena. Nasema ukweli, mikono yangu imezoea kalamu, na hata hiyo niliiachia nusu.

"Tunahitaji mtu wa tatu," akasema Maduhu. Kisha akainamia kokoto, maana alijua mtu wa tatu ni nani, na yuko wapi.

Juu ya daraja Mama Hosiana alikuwa amesimama, mkono mdomoni. Nilimwona anahesabu kichwani: mwiko, jiwe, treni. Akavua ndala.

"Adam!" akaita. "Mwambie mwenye reli ageuke, nateremka."

"Ageuke, anateremka," nikasema.

Maduhu akageuka, uso ukutani, mtaimbo bado mikononi kwa nyuma. Mama Hosiana akateremka ule mteremko kama anashuka ngazi za soko, akaja kinyumenyume hatua tano za mwisho, akasimama, mgongo kwa mgongo na mkwe wake, mimi na jiwe katikati.

Tangu nizaliwe sijaona kikao cha namna ile.

"Mwulize nishike wapi," akasema Mama Hosiana, akiitazama Kishapu.

"Anauliza ashike wapi."

"Mwambie aweke mgongo kwenye jiwe, akanyage taruma, asukume kwa miguu," akasema Maduhu, akiutazama ukuta. "Asitumie kiuno. Kitamuuma kesho."

"Anasema uweke mgongo. Anasema kiuno chako anakihurumia."

"Hakusema hivyo!"

"Sikusema hivyo!" wakasema kwa pamoja, na nadhani hilo ndilo neno la kwanza walilowahi kukubaliana.

"Adam," akasema Maduhu, "peleka ujumbe kama ulivyo. Nikisema moja, hakuna kitu. Mbili, hakuna kitu. Tatu, wote. Nisiposema tatu, msisukume. Vidole vya watu vimebaki hapa."

Nikapeleka ujumbe kama ulivyo. Akahesabu moja. Akahesabu mbili. Mama Hosiana alikuwa ameshaanza.

"Mwambie bado!"

"Mama, bado!"

"Kwani anasubiri nini?"

"Anasubiri Adam atoe mguu wake kwenye reli," akasema Maduhu, akiuchungulia mtaimbo wake chini ya kwapa.

Nilitazama chini. Kweli, mguu wangu wa kulia ulikuwa mahali ambapo jiwe lingeangukia. Nikautoa, kwa shukrani na aibu.

"Tatu!"

Mama Hosiana alitoa mlio ambao naamini huwa anautunza kwa magunia ya msimu mzuri. Mtaimbo ukapinda, mimi nikafumba macho, jiwe likaguna, likainuka, likabiringika chini ya tuta na kutulia kwenye majani. Sote watatu tukakaa palepale tulipokuwa, tukihema, tukitazama pande tatu tofauti.

Maduhu hakupumzika. Alipiga magoti, akagonga nati moja baada ya nyingine huku sikio ameliinamisha, akapitisha kiganja juu ya chuma kama unavyompapasa mtoto mwenye homa, akakaza nati mbili kwa spana, akagonga tena. Mama Hosiana hakumtazama. Alitazama kivuli chake juu ya kokoto, na kivuli, nikumbushe, hakina mwiko. Alikitazama kwa makini, kilivyoinama, kilivyoinuka, kilivyorudia nati ile ile mara ya tatu kwa sababu mara ya pili hakikuridhika.

"Mwulize," akasema taratibu, "hivi kila siku?"

"Mwambie jiwe, mara chache. Nati, kila siku."

Treni ilipotokea kwenye kona ilikuwa imepunguza mwendo karibu kusimama. Mbele yake, pembeni, alikuwa Bi Zuhra, bendera juu, akitembea mbele ya injini kwa mwendo wake wa nyonga, na dereva akimfuata polepole kana kwamba anaongozwa kwenda kuposwa.

"Huyu mama ni wa gengi gani la mafundi wa reli?" dereva akauliza, kichwa dirishani.

"Gengi la Ngokolo!" akajibu Bi Zuhra. "Na ulichelewa kufunga breki!"

Maduhu akampa ya kijani. Mabehewa yakapita, moja moja, yakiunguruma, na tao la mawe likatikisika kidogo na kubaki mahali pake. Sisi tulisimama tumejibanza upande mmoja, yeye upande wa pili, na treni katikati ikiwahifadhi wenye mwiko wao kwa dakika nne nzima.

Tulipopanda juu, Mama Hosiana alikaa kwenye ukuta, safari hii kwa adabu, akavaa ndala. Kisha akatoa simu. Kule mtandao unashika juu ya daraja tu. Chini kwenye reli huna hata kijiti kimoja. Akaweka sauti ya nje, maana hasikii vizuri kwa sikio moja.

"Kalisti, mwanangu, mhola?" akamsalimu kwa kilugha chao.

"Mhola duhu, mama! Niko njiani kuja huko, nimewaletea—"

"Sikiliza kwanza. Nikuulize kitu kimoja. Uko peke yako kwenye reli. Jiwe la kilo sitini limelala juu ya reli, treni inakuja. Unafanyaje?"

Kalisti akafikiri. Tulisikia kiashiria cha gari kikilia, tik, tik, tik.

"Napigia mtu simu, mama."

"Wabeja," akashukuru Mama Hosiana. "Na hilo ulilotuletea, baba, wapelekee mama zako. Safari njema." Akakata. Akaiangalia simu kwa muda, bila hasira, kama mtu anayerudisha mchembe mmoja mbovu kwenye ungo wa muuzaji. "Si mtoto mbaya," akasema. "Ila huyo atakayepigiwa ndiye ninayemtaka mimi."

Bi Zuhra akapiga kigelegele ambacho kiliwashtua mbuzi wote wa ukingo wa pili.

"Nyamaza wewe, sijamaliza. Adam, mwambie mwenye reli wazee wake waje Jumapili saa tatu, si saa tano kama mara ile. Waje na njaa. Habari ya ng'ombe tutapunguza; mtu wa kutembea kutwa hivi atachunga saa ngapi? Na mwambie lile jiwe nimeliangusha mimi. Akichanganya chokaa ya kulirudishia, aniite nije nilibebe. Nitabeba nimegeuka."

Niliinama ukutani, mbali na pale palipobomoka, nikapeleka ujumbe kama ulivyo, wote, bila kuongeza hata samaki. Huko chini Maduhu alikuwa amerudi ndani ya tao. Tulisikia tu makofi, yale ya polepole ya kumshukuru mkubwa, yakipigwa gizani mwa mawe, pa, pa, pa, hata nikadhani hayataisha.

Kisha akatoka, simu mkononi, akainua juu mkono kutafuta mtandao. Akaenda kushoto. Akaenda kulia. Akapanda juu ya jiwe lililoanguka. Hakuna kitu.

"Tuondoke, Mama Hosiana," akasema Bi Zuhra. "Mtoto wa watu ana neno la kumwambia mwenzake, na wewe umemkalia juu ya mtandao."

"Kwani nimemfukuza?"

Lakini akainuka. Tulikuwa hatujafika hata kwenye shamba la kwanza la pamba tuliposikia miguu ikipanda mteremko mbio, na kokoto zikimwagika, halafu sauti ya Maduhu juu ya daraja, mtu mpole ambaye sijawahi kumsikia akipaza sauti kwa jambo lisilohusu mawe:

"Hosiana! Hosiana, unanisikia? Mama kasema Jumapili! Saa tatu! Kasema waje na njaa! Hosiana, mama yako ana nguvu hujapata kuona!"

Mama Hosiana aliivuta kanga, akajifunika masikio yote mawili, maana hayo hayakuwa maneno ya kusikiwa na mkwe, akaongeza mwendo, akatuacha nyuma mimi na shangazi. Mabega yake yalikuwa yanatikisika njia nzima.